Kabla Hujauza Nyumba ya Kwenye Kibanja

Katika miji yetu mingi utaona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyeandika maneno hayo alikuwa na ndugu, mume, mtoto au shemeji aliyekwisha kuleta mnunuzi. Akamwonyesha vyumba wakati wenyewe wako shambani, na pengine akapokea advansi. Maneno yale yameandikwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Ninaanza na ukuta huo kwa sababu wengi wanaonijia wanauza nyumba kwa mara ya kwanza maishani, na swali lao la kwanza huwa bei. Mwalimu aliyestaafu Nyaishozi anataka kusogea karibu na wanawe Bukoba. Mama aliyefiwa na mume Nkwenda hawezi tena kupalilia ekari mbili peke yake. Kijana alijenga Omurushaka, sasa amepata kazi Mwanza. Wote wanauliza, "Niseme shilingi ngapi?" Nami huwajibu kwamba bei ingoje kwanza, tuzungumze habari za watu.

Kwetu Karagwe na Kyerwa nyumba haisimami peke yake. Imo katikati ya kibanja, imezungukwa na migomba na mibuni, migomba imezungukwa na milamula ya mpakani, na nyuma ya nyumba wamelala wazee waliopanda hiyo migomba. Ukisema unauza nyumba, jirani anasikia kwamba unauza mpaka wake, ukoo unasikia kwamba unauza makaburi, na mkeo anasikia kwamba unauza jiko lake. Kila mmoja wao anaweza kukuzuia. Afadhali akuzuie leo, kabla hujala hela ya mtu, kuliko akuzuie baada ya miaka miwili mbele ya baraza.

Basi anza na mwenza wako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye karatasi ni la mmoja tu. Wanaume wengi wa rika langu wanaijua sheria hii kwa kuisikia, kisha wanadhani ridhaa ni mke kunyamaza wakati mnunuzi anakunywa chai. Hapana. Ridhaa ni maandishi, yenye jina lake na sahihi au dole gumba lake, na ni vizuri ayasaini akiwa ameelezwa mtahamia wapi na hela itafanya nini. Kama una wake wawili na kila mmoja ana nyumba yake kwenye kibanja kimoja, zungumza nao wote wawili, maana unayemwacha nje ndiye atakayeenda kwa mtendaji. Mnunuzi naye akiwa na akili timamu atataka kumsikia mama wa nyumba kwa masikio yake. Usimzuie.

Kama nyumba ni ya urithi, simama hapo hapo kwanza. Baba akifariki, nyumba haigeuki kuwa ya mtoto mkubwa kwa kuwa yeye ni mkubwa. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayomteua. Msimamizi huyo hajawa mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Nimeona watu wanaouza kwa karatasi ya kikao cha ukoo peke yake, wakiamini imetosha. Haijatosha. Muhtasari wa ukoo ni ngazi ya kwenda mahakamani, na warithi wote, mabinti wakiwemo, wanapaswa kujua kinachouzwa na kukubali kwa maandishi.

Kuhusu mabinti nataka kukaa kidogo, kwa sababu mkoa wetu wa Kagera ndio uliotoa kesi inayosomwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akisema mila ya Kihaya iliyoandikwa mwaka 1963 inamruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Katiba hairuhusu ubaguzi huo: mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo kwa masharti yale yale aliyonayo mwanamume. Ila mwanaukoo anayetaka lisitoke alipewa njia: alipe bei ile ile aliyolipa mnunuzi, alikomboe.

Hapo kuna mafunzo mawili kwa muuzaji wa leo. La kwanza ni kwamba dada yako si shahidi wa pembeni. Ni mwenye haki. La pili ni la kazi zaidi: kabla hujatafuta mtu wa nje, wape ndugu nafasi ya kununua. Ita kikao, taja bei unayoitaka, weka muda, mwezi mmoja au miwili, na mwandishi aandike nani alikuwepo na nani alisema hana uwezo. Karatasi hiyo itunze kama unavyotunza cheti cha ubatizo. Siku binamu atakaporudi kutoka Dar es Salaam akipiga kelele kwamba shamba la babu limeuzwa kwa siri, utaifungua mezani.

Sasa makaburi. Sehemu hii ndiyo inayotuumiza zaidi, na ndiyo inayoandikwa kidogo zaidi kwenye mikataba. Kwetu tuliwahi kukosea. Kipande cha kibanja cha babu kiliuzwa na mmoja wa wazee wetu, makaburi matatu yakiwa upande wa chini, na kila mtu alidhani mambo yanaeleweka. Yaliyoeleweka yalikuwa kwenye kichwa cha muuzaji tu. Mwenye mali mpya hakuwa mtu mbaya. Alipanda mikaratusi mahali palipokuwa na njia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni njia. Tulipotaka kwenda kujengea kaburi la bibi tulilazimika kuomba ruhusa kama wageni, na maneno mabaya yalisemwa pande zote mbili. Sentensi tatu kwenye mkataba zingetuepusha na yote hayo.

Zipo njia kama tatu za kulimaliza jambo hili. Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kukata sehemu ya makaburi pamoja na njia ya kwenda barabarani, mkaiacha nje ya mauzo, ikapimwa na kuwekewa alama. Ya pili ni kuuza kibanja chote lakini mkataba utaje makaburi ni mangapi, yako wapi, kwamba hayatalimwa wala kujengewa juu, na kwamba ndugu wana haki ya kupita na kuyasafisha. Ya tatu ni kuhamisha mabaki. Hiyo ni ya mwisho kabisa. Haifanywi kwa jembe la usiku, inahitaji kibali cha viongozi na watu wa afya, wazee wa ukoo na viongozi wenu wa dini. Gharama yake ni kubwa, na mioyo huchukua muda kutulia. Njia yoyote mtakayochagua, mwambie mnunuzi siku ya kwanza. Mtu anayegundua kaburi chini ya migomba baada ya kulipa hatakuamini tena kwa lolote.

Mkishamaliza ya ukoo, tembea mpaka. Waite majirani wote mnaopakana nao, mwenyekiti wa kitongoji, na vijana wawili wa nyumbani ambao watakumbuka miaka 30 ijayo. Anzeni kona moja, mzunguke mlamula kwa mlamula. Palipo na pengo, jirani aseme anaona mpaka unapita wapi, nawe useme. Mkipishana kwa hatua mbili, malizeni hapo hapo, hata kama ni wewe utakayeachia. Mgogoro wa hatua mbili unaweza kukimbiza mnunuzi wa kibanja kizima. Mkishindwa, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, mtafutiwe suluhu. Juu yake kuna Baraza la Kata, ambalo tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 linasuluhisha tu, na anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukifika huko kabla ya kuuza, ahirisha mauzo. Usiuze kesi.

Na msihesabu ekari kwa macho. Watu wetu bado wanasema "ni kama ekari mbili hivi", kisha mnunuzi anakuja na futi kamba na kukuta moja na nusu. Mlipe mtu apime, au omba afisa ardhi wa halmashauri akusaidie, Kayanga kwa wa Karagwe na Rubwera kwa wa Kyerwa.

Kama nyumba iko kando ya barabara kubwa, pima pia kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mkoa. Wanaoishi kwenye njia ya Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo wanalijua hili vizuri. Alama ya X ukutani isifunikwe kwa chokaa. Mwonyeshe mnunuzi na umpe karatasi zote ulizopewa kuhusu fidia.

Karatasi zenyewe zinategemea ardhi yako ni ya namna gani. Kiwanja kilichopimwa Kayanga au Omurushaka chenye hati kinafuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Hapo kuna uthamini, kuna fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35, kuna pango la ardhi ambalo lazima liwe limelipwa, na jina linabadilishwa kwa msajili. Kibanja cha kijijini kinafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo. Kama una hati ya hakimiliki ya kimila, vizuri sana. Kama huna, ulizia kijijini kama mpango wa matumizi ya ardhi umekamilika na kama unaweza kuipata kabla ya kuuza, kwa sababu kibanja chenye hati kinauzika kwa utulivu. Vyovyote iwavyo, uhamisho wa ardhi ya kijiji unapita kwa Halmashauri ya Kijiji, nayo ina nguvu ya kukubali au kukataa, hasa mnunuzi akiwa si mwanakijiji. Muhuri wa mtendaji peke yake, uliogongwa jioni nyumbani kwake, si idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Omba muhtasari wa kikao. Na ukitakiwa kulipa asilimia fulani ya bei kwa ajili ya kijiji, omba risiti ya serikali na uulize imeandikwa katika sheria ndogo ipi. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Tuko mpakani, kwa hiyo hili nalo lisemwe wazi. Tumeoana na watu wa ng'ambo ya mto Kagera, tunauziana nao ndizi na ng'ombe, na wengi wao ni ndugu wa damu. Lakini sheria ya Tanzania hairuhusu mtu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaopitia utaratibu wa serikali. Mtu akija na hela nzuri ya Uganda au Rwanda, kisha akakuomba mkataba uandikwe kwa jina la rafiki yake Mtanzania, mshukuru umwache aende. Huo ni mkataba unaozaliwa mgonjwa, na sahihi yako imo ndani.

Madeni ya kibanja nayo yatajwe. Wapo waliouza kahawa ikiwa ua, ile butura tunayokatazwa kila mwaka na bado inafanyika gizani. Ukishachukua hela ya butura, mibuni ile ina mtu mwingine mgongoni. Maliza deni hilo kwanza. Vivyo hivyo kama kibanja kimewekwa rehani benki, au kama kikoba kinashikilia karatasi zako.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe, ambayo wengi wangeanzia. Mnunuzi wa kwetu hutazama migomba kabla ya sebule. Ondoa majani makavu, weka matandazo, punguza machipukizi, palilia mibuni. Kama kuna mnyauko, ule ambao ndizi zinaiva kabla ya wakati na mgomba ukikatwa unatoa utomvu wa njano, ng'oa mashina yaliyougua, yafukie, na umwambie mnunuzi ni sehemu gani uligundua. Ugonjwa huo umetesa Kagera tangu miaka ya 2000 na kila mtu anaujua. Anayeuficha anaonekana mwongo hata kwa yale aliyosema kweli.

Ndani ya nyumba, tengeneza vitu vinavyovuja na vinavyoning'inia: bati lililotoboka, mlango wa choo, bomba la kuingiza maji ya mvua kwenye tangi. Tangi zima lina thamani kubwa katika vilima vyetu ambako kiangazi watu huchota mbali. Usikope hela kuweka vigae na dari ya mapambo. Mara nyingi mnunuzi atabomoa aweke vyake. Na nyufa usizizibe kwa rangi. Tangu tetemeko la 10 Septemba 2016, watu wa Kagera wanapapasa kuta. Kama ufa ulitokea siku ile na haujaongezeka, sema hivyo. Kama unaongezeka, mwite fundi ujue tatizo ni msingi au ni lipu tu, kisha bei iseme ukweli huo.

Bei tuliyoiacha ingoje, sasa iite. Ulizia vibanja vilivyouzwa karibuni katika vitongoji vya jirani, waulize waliouza na walionunua, maana bei aliyotaja muuzaji na bei aliyopokea ni vitu viwili. Tenganisha kichwani thamani ya ardhi, ya mazao na ya jengo. Uchungu wa miaka uliyoishi humo hauna bei sokoni, na najua inauma. Ukiweza kusubiri, uza wakati hela za kahawa zimeingia mikononi mwa watu, baada ya vyama vya msingi kulipa. Jirani anayeshindwa mwezi Machi huenda akaweza mwezi Agosti. Dalali ukimtumia, kubalianeni malipo yake kabla hajaleta mtu, na usimkabidhi karatasi halisi hata siku moja.

Kumbuka kodi. Faida itokanayo na kuuza nyumba au ardhi hutozwa asilimia 10 kwa mkazi wa Tanzania, na faida maana yake ni ulichopata ukiondoa ulichotumia. Ndiyo maana risiti za saruji, bati na mafundi zina thamani leo hata kama zilikuwa zinakera kutunza. Nyumba uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu inasamehewa kama faida haizidi shilingi milioni 15. Shamba lenye thamani chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, nalo lina msamaha. Nenda ofisi ya TRA na karatasi zako uelezwe unaangukia wapi, kabla ya kusaini.

Mkataba uandikwe na wakili, kwa Kiswahili, na kila anayesaini asomewe polepole. Utaje mipaka na majina ya majirani, idadi ya vyumba, tangi, sola, mita ya LUKU, miti ya mbao, na nani atavuna kahawa iliyoanza kuwa nyekundu na mikungu iliyokwisha kukomaa. Hili la mavuno linaonekana dogo, lakini limevunja urafiki wa watu wengi. Malipo yapite benki. Usipokee mamilioni taslimu sebuleni usiku, na ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia usiuamini mpaka umeangalia salio mwenyewe. Kama analipa kwa awamu, andikeni tarehe za kila awamu na nini kitatokea akichelewa, na funguo zibaki kwako hadi awamu ya mwisho. Wakati huo wote uwe umeshapata pa kuhamia. Aliyeuza kabla ya kupata pa kwenda huishia kupanga chumba huku hela ikipungua kwa vocha, harusi na misiba.

Siku ya makabidhiano, zungukeni mpaka tena, safari hii mwenye mali mpya akiwa mbele. Mtambulishe kwa kila jirani kwa jina. Mwonyeshe bomba la tangi linapoziba, mgomba unaozaa vizuri, na njia ya kwenda makaburini. Ukifika hapo, msimame kidogo, mweleze ni akina nani wamelala pale.